Udongo Mweupe wa Ozella Pinkston

Kabla ya kufungwa pingu, Ozella Pinkston aliomba jambo moja tu: kofia yake aivue mwenyewe.

"Ina pini mbili na wewe hujui zilipo," alimwambia naibu wa sherifu. "Utaniharibia."

Kijana wa watu akasubiri. Jua la Agosti lilikuwa linachoma lami ya barabara ya Sparlin, magari ya watu waliotoka ibadani yanapunguza mwendo ili wenyewe waone vizuri, na mama huyo aliyevuka miaka sitini anachomoa pini moja, anachomoa ya pili, anaivua ile kofia ya zambarau yenye manyoya ubavuni, na kumkabidhi binti yake kama mtu anayejiandaa kuingia kuoga. Kisha akageuka, akapeleka mikono nyuma.

Renita, bintiye, alibaki ameishika kofia kwa mikono miwili.

Kilichowasimamisha kilikuwa taa ya nyuma, upande wa kushoto, iliyokufa bila wao kujua. Na mwanzoni hata hawakuogopa. Naibu alipoinama dirishani, Ozella alimtazama, akacheka.

"Colt Braswell! Si wewe uliyekuwa unanitapikia basi kila Jumatatu?"

Masikio ya kijana yakawa mekundu. "Ndiyo, Bi Ozella. Leseni, tafadhali."

Nusu ya watu wazima wa Kaunti ya Tarver walipelekwa shule na Ozella. Aliendesha basi la manjano tangu Renita akiwa mdogo, na hakuna mtoto aliyewahi kuumia ndani yake, isipokuwa yule aliyejing'ata ulimi mwenyewe akimwiga mwalimu. Kwa hiyo alimpa Colt leseni kama anayempa mtoto peremende.

"Kuna kitu chochote ndani ya gari ambacho napaswa kukijua?" Colt akauliza. Ni swali ambalo huwauliza wote.

"Kuna kuku wa kukaanga. Na kuna binti yangu anayekaa Atlanta, hajaolewa."

"Mama!"

"Naomba niangalie kidogo, Bi Ozella, kama hutajali."

"Angalia, mwanangu. Mimi sina cha kuficha."

Baadaye kila mtu alimgombeza kwa maneno hayo. Wakili alimgombeza, shemeji yake alimgombeza, hata mzee wa duka la vipuri aliyemuuzia taa mpya. "Mbona ulimruhusu? Ungesema hapana tu!" Naye alikuwa anajibu vilevile kila mara: "Nilikuwa sina cha kuficha. Mlitaka nijifanye ninacho?"

Colt aliangalia chini ya viti, akaangalia buti, akamsogeza kuku. Mwisho akaingiza mkono kwenye mfuko wa mlango wa dereva, akatoa kifuko cha nailoni. Ndani mlikuwa na mabonge meupe, moja kubwa kama yai la bata, na ungaunga uliomeguka kutoka kwenye mabonge hayo.

"Hii ni nini?"

Renita alikifahamu kifuko kile tangu utotoni. Ulikuwa udongo mweupe, ule unaochimbwa kwenye vilima vya kaunti yao na kupelekwa viwandani kutengeneza karatasi na rangi. Vituo vya petroli vya pale huuza vipande vyake kando ya njugu za kuchemsha, na wanawake hununua kimya kimya wakaula kama mjamzito anavyokula udongo wa pemba, ila hawa hula hata wasipokuwa na mimba. Bibi yake alikula. Mama yake alikula kila siku ya Mungu, akikatakata vipande vidogo na kuvimung'unya akiendesha. Shuleni Renita aliitwa mtoto wa mla udongo, na jina hilo lilimfuata mpaka alipohamia Atlanta, akapata kazi kwenye ofisi ya bima yenye vioo juu mpaka chini, ambako hakumwambia mtu.

Kwa hiyo alijibu haraka, kabla mama yake hajafungua mdomo. "Sabuni ya unga."

"Ni udongo," mama yake akasema papo hapo.

Colt akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Udongo wa nini?"

"Wa kula, Colt. Usiniambie mama yako hajawahi kukutuma."

"Nimewahi kusikia watu wakiutaja," alisema taratibu. "Lakini huyu anasema sabuni. Bi Ozella, mmoja wenu ananidanganya."

Renita angeweza kusema pale pale kwamba aliyedanganya ni yeye. Lakini aliona haya ya uwongo juu ya haya ya udongo, na wakati anajipanga, Colt alikuwa ameshakwenda kwenye gari lake kuchukua kipimo, kile kipakiti chenye dawa ambayo unaitia chembe ya unga kisha unaitikisa. Renita alimwona akiinama juu ya boneti. Akamwona anarudi tena ndani ya gari lake, anatoka na kipakiti kingine, anainama tena. Aliponyanyuka, dawa ilikuwa imegeuka bluu.

"Ni kokeini," Colt akasema. Hakuonekana kufurahi.

Ozella aliitazama ile bluu, kisha akamtazama kijana. "Binti yangu mwache aende," akasema. "Gari ni langu na kifuko ni changu."

*

Mkosi juu ya mkosi, udongo ni mzito. Kwa sheria za huko uzito ndio unaoamua wewe ni nani, na kwa uzito wa kifuko kile Ozella hakuwa mtumiaji, alikuwa mfanyabiashara. Dhamana iliyotajwa ilikuwa ya kufilisi ukoo mzima. Akabaki mahabusu, na shule ikafunguliwa bila yeye.

Renita aliomba ruhusa kazini, akahamia chumbani kwake kwa zamani. Siku ya kwanza ya kumtembelea mama yake, alimkuta nyuma ya kioo, amevaa sare ya jela yenye mistari, nywele kazisuka vizuri. Kila mmoja akashika simu ya upande wake.

"Umekula?" ndilo neno la kwanza Ozella alilosema.

"Mama, uko jela unaniuliza kama nimekula?"

"Basi hujala. Kuna maharage kwenye friza, niliyopika na nyama ya yule nguruwe wa Krismasi."

Renita akaanza kulia. "Mama, ile sabuni..."

"Nilikusikia."

"Nisingesema vile, labda asingepima."

"Uliona haya," akasema. "Kuona haya si dhambi. Ila kuna siku kunagharimu, na bili imekuja kwangu. Haya, futa machozi. Nani anaendesha basi langu?"

Hakulitaja tena jambo hilo, si siku ile wala siku nyingine. Renita alikuwa amejiandaa kugombezwa. Kule kusamehewa bila kuomba mara mbili kulimnyima usingizi zaidi.

Mjini maneno yalikuwa yameshapikwa. Arvella Stroud, kiongozi wa akina mama wa kanisa, ambaye yeye na Ozella hawakuwahi kupatana tangu enzi za kwaya ya vijana, alisikika akisema dukani: "Mimi nilijiuliza siku nyingi, zile kofia anazipatia wapi?" Renita aliyasikia hayo akiwa nyuma ya rafu ya mikate. Akaweka mkate chini, akatoka.

Jela nako Ozella hakukaa bure. Mlinzi aliyegawa chakula alikuwa mtoto wake wa basi, na kila asubuhi alipewa somo kuhusu uji wa mahindi uliopoa. Seli ilikuwa na wanawake sita. Ozella aliwasuka mmoja mmoja, akawafundisha kutandika, akawaamulia ugomvi. Aliyemkaa moyoni zaidi alikuwa Lakendra Boone, msichana mwembamba mwenye mtoto mchanga nje, aliyekamatwa na punje nyeupe kwenye zulia la gari. Lakendra alisema ni sukari ya donati. Alisema hivyo kwa siku kadhaa. Kisha akaitwa korido, mahali mawakili walipokutana na mahabusu, akarudi amesaini kwamba ni kokeini, kwa sababu aliambiwa akisaini atapunguziwa kifungo.

"Lakini ulisema ni sukari," Ozella akamwambia.

"Ni sukari, Bi Ozella. Lakini maziwa yananiuma, na mtoto yuko kwa watu."

Ozella alimkumbatia na hakumlaumu. Lakini usingizi ulimpaa.

*

Zamu yake ya korido ikafika. Wakili aliyepewa na serikali aliitwa Garrick Sewell, kijana mwenye tai iliyolegea na mafaili ya watu wengi kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Renita aliruhusiwa kuwapo.

"Habari ni nzuri, Bi Pinkston," Sewell akasema. "Wamekubali kuifuta ile ya biashara. Unakiri kosa dogo la kukutwa nayo, unapewa kifungo cha nje, leo jioni unakula kwako."

"Nakiri kwamba nilikuwa na nini?"

"Kokeini."

"Sikuwa nayo."

"Najua unasema hivyo..."

"Na basi langu?"

Sewell akaitazama sakafu. "Basi, hapana. Mwenye kosa la dawa za kulevya haruhusiwi kuendesha watoto."

"Nisipokiri?"

"Utangoja majibu ya maabara ya jimbo. Foleni yao ni ya miezi. Tukienda kwenye kesi tukashindwa, ni miaka, Bi Pinkston. Miaka mingi. Ningekuwa wewe, ningesaini."

"Mama, saini," Renita akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Watu wanasaini kila siku. Utakuja ukae na mimi Atlanta. Hakuna atakayejua."

Ozella alimgeukia. Alikuwa amekonda, na sare ile ilimpwaya mabegani.

"Baba yako alichimba udongo huu mpaka mapafu yakamjaa," akasema. "Nyumba uliyolala jana imejengwa kwa udongo huu. Viatu vyako vya shule, udongo huu. Leo nisimame mbele ya watu niuite kokeini ili nikalale kitandani kwangu? Nitalalaje?"

"Mama, wakikufunga?"

"Wakinifunga watakuwa wamenifunga wao. Nikisaini nitakuwa nimejifunga mimi." Akamrudishia Sewell kalamu aliyokuwa amemwekea mbele. "Kijana, funga tai yako. Halafu fanya kazi yako."

Renita alikuwa amemjua mama yake miaka thelathini na kitu. Alimjua kama mtu wa kelele, wa utani, mwenye kofia zinazozidi. Pale korido, mlinzi akimshika mama yake mkono kumrudisha ndani, alimwona akitembea polepole, mgongo umenyooka kama anaingia kanisani kwa kuchelewa na hana haraka kwa ajili ya mtu yeyote. Renita akatamani watu wote wa ile ofisi ya vioo wangekuwepo wamwone.

Akamkimbilia Sewell kabla hajaingia kwenye lifti.

"Alipima mara mbili," akasema.

"Nani?"

"Colt. Yule naibu. Nilimwona. Alirudi garini kuchukua kipakiti cha pili. Kwa nini mtu apime mara mbili?"

Sewell akasimama. Mlango wa lifti ukajifunga bila yeye. Bila kufikiri, akaanza kukaza tai yake.

*

Siku ya kusikiliza ombi la kupunguza dhamana, mahakama ilijaa. Kanisa lilikuja karibu lote, wengine kwa upendo na wengine kwa udaku, na Arvella Stroud alikaa mstari wa mbele na mkoba wake magotini.

Sewell alimwita Renita kwanza. Mwendesha mashtaka, mwanamke mwenye sauti ya upole, alisubiri zamu yake, kisha akauliza: "Ulimwambia afisa kwamba kile kifuko ni sabuni ya unga. Ni kweli?"

"Nilimwambia hivyo."

"Ilikuwa sabuni?"

"Hapana. Nilidanganya."

Watu wakaguna. Renita aliangalia sakafu, kisha akainua uso akamtazama mama yake, aliyekaa kando ya Sewell na pingu miguuni.

"Mama yangu anakula udongo," akasema. "Ule mweupe wa kituo cha petroli. Bibi yangu alikula pia. Niliona haya tangu nikiwa mtoto, na siku ile niliona haya mbele ya mtu tuliyemjua. Yeye alisema ukweli na mimi nikasema uwongo, halafu aliyefungwa ni yeye."

Kicheko kikaanzia nyuma, cha watu wachache. "Udongo!" mtu akasema. Kikaanza kusambaa. Ozella hakugeuka. Ndipo Arvella Stroud alipoinuka, akageukia nyuma, akatoa macho.

"Mnacheka nini?" akafoka. "Weka mkono kwenye mkoba wa mkeo, Lucius Gant, uone kama hutatoka mweupe! Hata mimi nakula! Nina miaka sitini na nane na nimekula asubuhi hii!"

"Mama, kaa chini," Jaji Eddings akasema akigonga nyundo.

"Nakaa, Mheshimiwa. Lakini huyu mwanamke simpendi, na bado nasema si mwizi wala si mwuza dawa."

Mahakama nzima ikacheka, na safari hii hata Ozella mabega yalimtikisika. Jaji aliinamia makaratasi yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akaitwa Colt Braswell. Akaapa. Sewell alimsogelea.

"Ulitumia vipimo vingapi siku ile?"

Colt alimtazama sherifu wake aliyekaa ukutani. Kwenye ripoti aliyoandika palikuwa na kipimo kimoja. Mtu angeweza kusema kimoja, na neno la Renita, aliyekiri sasa hivi kwamba alidanganya, lisingekuwa na uzito wowote.

"Viwili," Colt akasema.

"Cha kwanza kilionyesha nini?"

"Hakikubadilika rangi."

"Hakikubadilika."

"Hapana. Nikadhani ni kibovu kwa ajili ya joto. Vilikuwa vimekaa garini. Nikachukua cha pili." Masikio yalikuwa mekundu kama siku ile. "Sikukiandika cha kwanza. Ningepaswa kukiandika."

Sherifu aliinuka akatoka nje. Mwendesha mashtaka alifunga faili lake. Jaji Eddings alivua miwani, akamwuliza Ozella kama ana la kusema.

"Sina refu, Mheshimiwa," Ozella akasema akisimama. "Nilisema ni udongo siku ya kwanza. Leo bado ni udongo."

Jaji akaamuru aachiwe aende nyumbani bila dhamana, na sampuli itangulizwe kwenye foleni ya maabara. Majibu yalipotoka, majani yalikuwa yameanza kupukutika: hakuna kokeini, hakuna dawa yoyote, madini ya udongo tu. Kesi ikafutwa kwa sentensi moja. Hakuna aliyempigia simu kumwomba radhi, lakini idara ya shule ilimrudishia basi lake, na asubuhi ya kwanza wazazi walisimama vituoni na watoto wao kumpokea, jambo ambalo hawakulizoea.

Aliyekuja ni Colt, Jumamosi moja, bila sare. Alisimama barazani na kofia mkononi. Renita aliyasikia yote kutoka jikoni.

"Ulisema kweli mbele ya bosi wako," Ozella akamwambia. "Ndiyo maana nimekufungulia mlango. Lakini nataka nikuulize. Kipimo cha kwanza kilisema mimi si mhalifu. Kwa nini hukukiamini?"

"Sijui, Bi Ozella."

"Nenda ukafikiri. Ukijua, rudi."

Alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii Ozella alimtolea kiti, wakaongea kwa sauti ya chini mpaka kahawa ikapoa. Walichosema Renita hakukisikia, na mama yake hakumwambia. Alijua tu kwamba Jumatatu iliyofuata Colt alikwenda ofisini kwa Sewell na boksi la vipimo lililokuwa limebaki, lile lililokaa juani msimu mzima, pamoja na majina ya watu aliowakamata kwa vipimo hivyo. La Lakendra Boone lilikuwamo.

Sewell alihangaika na faili la Lakendra majira yote ya baridi. Ozella alimpigia simu kila Ijumaa, akimaliza zamu, kumkumbusha kwa adabu. Mwishowe maabara ikaandika ni sukari, na jaji akaitengua ile saini.

Siku ya kumtoa, Renita alikuwa amekuja kutoka Atlanta. Waliegesha nje ya geti la jela, wamemchukua mtoto kwa jirani aliyekuwa akimlea, na kiti chake wamekifunga nyuma. Lakendra alitoka na mfuko wa karatasi mkononi, akipepesa macho kwa mwanga. Ozella alishuka, akamkumbatia bila neno, akafungua mlango wa nyuma.

"Kaa na mwanao," akasema. "Na wewe, Renita, toka hapo usukani. Leo naendesha mimi."